Gyoza na mandu za friza: zinaposhika kikaangoni, zinapopasuka au zinapobaki baridi ndani

Mtu anayenunua kwa mara ya kwanza pakiti ya gyoza za Kijapani au mandu za Kikorea, yaani vifurushi vidogo vya unga vilivyojazwa nyama na mboga, huja jikoni na uzoefu wa sambusa, na hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Sambusa huingia kwenye mafuta mengi ya moto ikiwa nyama yake imekwisha kuiva, hivyo kazi iliyobaki ni kukausha manda na kuipa rangi. Gyoza na mandu ni jambo jingine: hutoka kwenye friza zikiwa ngumu kama mawe, mjazo wake huenda ukawa mbichi, na manda yake inahitaji kwanza kulowa ndipo ikauke. Kwa sababu hiyo karibu kila kasoro inayoelezwa hapa chini, ukiifuatilia hadi mwisho, inahusu maji. Yalikuwa mengi mno au machache mno, yaliondoka kabla ya wakati, au hayakuachwa yaondoke.

Vyakula hivi viwili ni ndugu, na gyoza ina asili ya jiaozi, chakula cha namna hiyo hiyo cha Kichina. Gyoza ilienea Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, hasa kupitia watu waliorudi kutoka Manchuria, kaskazini-mashariki mwa China, na huko ikapata tabia yake: manda nyembamba, mikunjo upande mmoja, na mjazo wa nyama ya nguruwe, kabichi, kitunguu saumu na majani ya nira, jamii ya kitunguu. Mandu ya Korea kwa kawaida ni kubwa zaidi na manda yake ni nene zaidi, na ndani yake mara nyingi utakuta pia tofu (maziwa ya soya yaliyogandishwa), tambi zilizotengenezwa kwa wanga wa viazi vitamu, au kimchi, kabichi iliyochachushwa kwa pilipili, iliyokatwakatwa. Gyoza moja ya friza huwa na uzito wa gramu 20 hivi, wakati mandu ya kawaida ya dukani inaweza kufika gramu 35. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya muda unaotosha kwa moja uwe pungufu kwa nyingine. (Ganda la unga nitaliita manda, kama la sambusa; msomaji anivumilie pale nitakapolazimika kuandika «manda ya mandu».)

Kabla ya kulaumu kikaango: huenda umenunua aina isiyofaa kwa upishi wako

Malalamiko mengi ya «zimepondeka zote» au «zimekuwa ngumu» huisha pakiti inaposomwa. Kwenye pakiti za Kijapani, herufi 焼 kabla ya 餃子 humaanisha gyoza ya kukaanga, na herufi 水 humaanisha gyoza ya kuchemsha, ambayo manda yake hufanywa nene ili istahimili maji. Ukiichemsha ile ya kukaanga, manda yake nyembamba italegea na kuachana na nyama kabla mjazo haujapata moto. Kwenye pakiti za Kikorea, 군만두 ni mandu ya kukaanga, 찐만두 ni ya mvuke, 물만두 ni ndogo za kuchemsha, na 왕만두 ni zile kubwa, ambazo baadhi hufanywa kwa unga uliochachuliwa kama wa maandazi. Hizi za unga uliochachuka usizitie katika maji hata kidogo, kwa maana hunyonya kama sifongo. Wakorea, kwa bahati nzuri, ni wepesi wa kuruhusu: pakiti nyingi za mandu za kawaida huonyesha kwa picha njia tatu au nne za kupika, na zote hufanya kazi. Gyoza haina uhuru huo.

Dalili: gyoza imeshika kikaangoni, na ukiinua manda inabaki chini

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na si la wageni peke yao. Mwaka 2023 picha ya gyoza zilizoshika kikaangoni ilizunguka katika mitandao ya Japani, ingawa zilikuwa za aina inayotangazwa kuwa haihitaji mafuta wala maji. Kampuni iliyozitengeneza, Ajinomoto Frozen Foods, badala ya kujitetea iliwaomba wateja waitumie vikaango vyao vyenye tabia hiyo ili ivichunguze. Vilifika zaidi ya 3,500. Ikiwa Wajapani, ambao gyoza kwao ni chakula cha kawaida, wana maelfu ya vikaango vinavyoshika, wewe usione aibu.

Chanzo cha kwanza ni kikaango chenyewe. Utando wa kikaango kisichoshika huchoka kwa moto mkali, kwa steelwool na kwa vijiko vya chuma, na huchoka zaidi katikati, pale moto unapopiga. Kipime kwa yai lililokaangwa bila mafuta: likiteleza, kikaango ni kizima, likishika, gyoza itashika zaidi. Kwa kikaango kilichochoka dawa ni mafuta ya kutosha, kijiko kimoja kikubwa kwa gyoza kumi na mbili, hata kama pakiti inasema hayahitajiki. Wengine hutandika karatasi ya kuokea iliyokatwa kwa mviringo, ndogo kuliko kikaango. Njia hiyo ni nzuri, ila karatasi isitokeze nje ya ukingo hata kidogo, maana mwali wa gesi hauna simile.

Chanzo cha pili, ambacho naamini ndicho cha kawaida zaidi, ni haraka. Wanga ulio katika manda unapopata maji na moto hugeuka kuwa gundi halisi, ile ile ambayo mafundi wa kofia na watoto wa shule hutengeneza kwa unga wa ngano. Katika hatua hiyo gyoza imeshikana na chuma na hakuna mwiko utakaoitenga. Maji yakiisha, gundi hiyo hukauka, hupata rangi, hujikunja kidogo na kuachia yenyewe. Kwa hiyo gyoza inayogoma kuinuka mara nyingi inakuambia kwamba bado dakika moja. Mpishi anayeiheshimu hiyo dakika hupata kipande kizima. Anayeingiza mwiko kwa nguvu hupata nyama iliyo uchi na manda iliyobaki chini.

Namna ya kujua kwamba maji yameisha ni kusikiliza. Mwanzoni utasikia mchemko mzito, kama sufuria ya wali maji yakiwa bado juu ya punje. Kisha sauti hupanda, ikawa mpasuko mkavu wa haraka haraka, na povu kubwa hugeuka kuwa povu dogo la mafuta. Hapo hesabu dakika moja au moja na nusu, kisha tikisa kikaango mbele na nyuma. Zikisogea zote pamoja kama sahani moja, ziko tayari.

Ikiwa zimekwisha kushika, zima moto. Tandika kitambaa kilicholowa na kukamuliwa juu ya meza, weka kikaango juu yake kwa sekunde kumi hivi, halafu jaribu tena ukianzia pembeni kwa mwiko bapa. Mvuke unaobaki chini hulegeza mshiko. Isipokubali, rudisha motoni na kijiko kimoja cha maji, funika kwa nusu dakika, kisha rudia hatua ya kukausha. Utapoteza kidogo ukoko, lakini utaokoa umbo.

Chanzo cha tatu ni gyoza iliyoyeyuka kabla ya kuingia kikaangoni. Watu huitoa asubuhi «itoke baridi», kama wafanyavyo kwa kuku. Gyoza haitaki kabisa huduma hiyo. Barafu iliyo ndani ya kabichi na nyama ikiyeyuka, maji yake huhamia kwenye manda, nayo hulowa, hunata na kuchanika hata kwa kidole. Itoke frizani na kuingia kikaangoni moja kwa moja, na pakiti irudi frizani kabla hujawasha jiko.

Dalili: chini imeungua, ndani bado baridi

Hapa maji yaliondoka mapema. Upishi wa gyoza una hatua mbili ambazo haziwezi kubadilishana nafasi: kwanza mvuke unaoivisha ndani, halafu ukavu unaotengeneza ukoko. Moto ukiwa mkali, au mfuniko ukivuja, maji huisha katika dakika mbili, ukoko hutokea kwa fahari kubwa, na katikati ya nyama kuna punje ya barafu.

Kwa gyoza kumi na mbili za kawaida tumia mililita 80 hadi 100 za maji, na yawe ya moto kutoka kwenye birika. Maji baridi hushusha joto la kikaango, na manda hukaa ikiloana kwa muda mrefu kabla mvuke haujaanza. Funika kwa mfuniko unaokaa vizuri, moto wa wastani, dakika tano. Kwa mandu kubwa dakika saba au nane. Kama mfuniko wako umepinda, funika kwa sinia lenye ukubwa wa kutosha na uweke kitu kizito juu. Wanaopikia jiko la mkaa wana kazi ya ziada, kwa sababu makaa hayana kitufe cha kupunguza: yatandaze, yapunguze katikati na uyafunike kwa majivu kidogo kabla ya kuanza, si baada ya kusikia harufu.

Wakazi wa Nairobi na miji mingine ya juu wanapaswa kuongeza dakika moja au mbili. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi badala ya 100, kwa hiyo hata mvuke wake una joto pungufu. Muda ulioandikwa kwenye pakiti ulipimwa na watu waliokuwa karibu na bahari.

Suala hili si la ladha tu. Nyama ya kusaga ya nguruwe au ya ng'ombe inapaswa kufikia nyuzi 71 katikati, na ya kuku nyuzi 74. Viwanda vingine hupika gyoza kwa mvuke kabla ya kuzigandisha na vingine huzigandisha mbichi, na kwa kuwa pakiti haitangazi jambo hilo kwa herufi kubwa, zichukulie zote kuwa mbichi. Asiye na kipimajoto akate moja iliyokaa ukingoni mwa kikaango, ambako moto ni hafifu, aone kama mvuke unatoka katikati na kama nyama imebadilika rangi yote. Ile ya katikati ya kikaango itakudanganya, maana ndiyo iliyopendelewa.

Dalili: zimeiva, lakini chini ni nyeupe na teketeke

Hapa maji hayakuondoka. Kitu kilichozungukwa na maji hakiwezi kuzidi joto la kuchemka, na rangi ya kahawia pamoja na harufu ya ukoko huanza kujengeka vizuri kwenye nyuzi 140 hivi. Maadamu kuna maji kikaangoni, hata uwashe moto kiasi gani, hutapata ukoko. Ondoa mfuniko, tega kikaango uone kama kuna maji yanayokimbia pembeni, yaache yaishe, kisha zungushia kijiko cha chai cha mafuta ya ufuta kwenye ukingo ili yatiririke chini ya gyoza. Usizigeuze. Gyoza ya Kijapani hukaangwa upande mmoja tu, na ule ulaini wa juu ukikutana na ukavu wa chini ndio unaotafutwa. Anayezigeuzageuza kama vitumbua anapata pande tatu za ukavu na mdomo uliochoka. Mandu haijali. Igeuze upendavyo.

Kuna pia kosa linalofanyika mezani. Gyoza ikipakuliwa ukoko ukiwa chini, mvuke wake hunaswa kati yake na sahani, na baada ya dakika mbili ule ukoko uliouhangaikia umelowa. Weka sahani bapa juu ya kikaango, ishike kwa mkono uliofunikwa kitambaa, pindua kwa mkupuo mmoja kama mtu anayepindua mkate wa sinia, na ukoko utatazama juu. Zipange tangu mwanzo kwa mduara, kila moja ikiegemea jirani yake, na zitatoka kama ua. Katika mji wa Hamamatsu hupangwa hivyo hivyo, na lile tundu la katikati hujazwa chipukizi za maharage zilizochemshwa, ambazo hukata mafuta mdomoni.

Dalili: ule utando mwembamba unaounganisha gyoza haufanyiki, au unakuwa kama chapati

Wajapani huuita utando huo mabawa. Ni ukoko mwembamba, wa matundumatundu, unaotokana na unga uliochanganywa na maji ya mvuke. Aina ambazo hazihitaji mafuta wala maji huwa na tabaka jeupe lililogandia chini ya kila kipande, lenye vyote vinavyohitajika, na kosa la kawaida ni kuziongezea maji kwa mazoea. Ukiona tabaka hilo, zipange kwenye kikaango baridi, funika, na ufuate pakiti neno kwa neno.

Kwa aina zisizo nalo, koroga vijiko viwili vya chai vya unga wa ngano katika mililita 100 za maji na utumie mchanganyiko huo badala ya maji matupu. Unga ukizidi unapata chapati. Ukipungua unapata vipande vya utando vinavyoelea huku na kule. Koroga tena sekunde ile unayomimina, kwa kuwa unga huzama chini na wa mwisho kumiminwa huwa tope. Wanga wa mahindi nao hufaa na hutoa ukoko unaovunjika kwa sauti zaidi, lakini nasema wanga, ile poda nyeupe ya kufanya mchuzi uwe mzito. Sembe ya ugali haifanyi kazi hiyo.

Dalili: mandu zinapasuka ndani ya maji

Sufuria ndogo ndiyo mshitakiwa wa kwanza. Mandu kumi zilizoganda zikitiwa katika nusu lita ya maji hulizima chemko, hukaa chini kwa dakika kadhaa katika maji ya vuguvugu, hushika sakafu ya sufuria, na mpishi anapozibandua hupasuka. Tumia lita moja na nusu au mbili, subiri yachemke kwa nguvu, tia mandu moja moja, na ndani ya nusu dakika ya kwanza pitisha mgongo wa kijiko cha mbao chini yake mara moja ili zisikae. Baada ya hapo ziache.

Mshitakiwa wa pili ni chemko lenye hasira. Zikianza kuelea punguza moto, au ongeza nusu kikombe cha maji baridi kama wafanyavyo Wachina kwa jiaozi zao, ili maji yatulie huku joto likiendelea kupenya ndani. Kuelea peke yake si dalili ya kuiva. Kunaonyesha tu kwamba hewa na mvuke vilivyo ndani vimetanuka. Zipe dakika mbili zaidi tangu zilipoelea, kisha ziopoe mara moja kwa kijiko chenye matundu, usizimwage kwenye chujio kama makaroni, maana uzito wao wenyewe huzichana.

Dalili: kingo zimekuwa ngumu kama ganda

Ule ukingo uliobanwa una unga mara mbili na hauna mjazo wa kuulowesha. Katika maikrowevu hukauka kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo nyunyizia maji, funika kwa kitambaa kilicholowa au sahani iliyopinduliwa, na uache zitulie dakika moja kabla ya kufunua. Katika kikaango cha hewa (air fryer) pakaza mafuta pande zote, nyuzi 180, dakika kumi hadi kumi na mbili, ukigeuza mara moja. Njia hiyo inaifaa mandu nene. Gyoza nyembamba hutoka imekauka kama krispi, na sioni faida yake.

Dalili: pakiti imekuwa donge moja

Umeme ulikatika usiku kucha, asubuhi ukarudi, nami nilipofungua friza siku mbili baadaye nilikuta mandu ishirini zimekuwa tofali. Nikachukua kisu na kuanza kuzibandua moja moja juu ya ubao. Zile tano za kwanza ziliacha manda zao kwa jirani, ya sita ilitoka na nusu ya nyama ya mwenzake, na nilipofika ya nane nilikuwa na bakuli la kitu kisicho na jina. Kisu hakikuwa na kosa: kilichovunjika pale kilikuwa kimekwisha kuyeyuka na kuganda upya, na manda zilikwisha kuunganishwa na yale maji tuliyoyazungumzia.

Swali la kwanza katika hali hiyo ni la usalama. Friza iliyojaa ikiachwa bila kufunguliwa hushikilia baridi kwa saa 48 hivi, na iliyojaa nusu kwa saa 24. Ukikuta chakula bado kina chembe za barafu, kinapikika, na ni afadhali ukipike siku hiyo kuliko kukirudisha. Kama kililainika kabisa na kukaa zaidi ya saa mbili katika joto linalozidi nyuzi 4, kitupe, hata kama baadaye umeme ulirudi na kikaganda tena kwa umbo zuri. Kuganda upya hakufuti yaliyotokea, na ndiyo maana tofali kama lile langu, ambalo hujui lilikaa laini kwa muda gani, mahali pake ni jalalani.

Dukani, tikisa pakiti kabla ya kulipa. Mandu nzima hugonganagongana kama kete za bao mkononi. Pakiti iliyo kimya, au yenye theluji nyingi ndani ya plastiki, imewahi kuyeyuka njiani kutoka bandarini. Kwa gyoza zinazokaa kwenye trei huwezi kutumia sauti, hivyo tazama theluji na uangalie kama umbo limelala upande. Madoa meupe makavu kwenye kingo ni kuungua kwa baridi: barafu iliyo kwenye manda imegeuka mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji. Hayana madhara, lakini sehemu hiyo itapasuka motoni, kwa hiyo pakiti iliyofunguliwa ibanwe hewa yote itoke na ikae kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, mbali na mlango wa friza. Na kwa joto la Dar es Salaam au Mombasa, zifungie ndani ya magazeti pamoja na chupa ya maji yaliyoganda kabla hujatoka dukani. Foleni ya saa moja inatosha kuziharibu.

Tatizo la lebo: hujui kilichomo ndani

Gyoza nyingi za Kijapani na mandu nyingi za Kikorea zina nyama ya nguruwe, hata zile zenye picha kubwa ya kabichi au kamba mbele. Msomaji asiyekula nguruwe atafute herufi hizi nyuma ya pakiti: kwa Kijapani 豚 ni nguruwe, ラード ni mafuta yake na ポーク ni neno lilo hilo katika maandishi ya kigeni, ambalo hujificha kwenye viungo vya supu, kwa Kikorea tazama 돼지. Kuku ni 鶏 na 닭, ng'ombe ni 牛 na 쇠고기 au 소고기, kamba ni えび na 새우. Kutoliona neno la nguruwe hakutoshi kuifanya bidhaa kuwa halali, kwa kuwa bado kuna swali la uchinjaji na la pombe ya kupikia. Nembo ya halali ya taasisi inayotambulika ndiyo hukumu, na maduka ya Ghuba huuza bidhaa zenye nembo hiyo kwa urahisi zaidi kuliko ya kwetu. Za mboga pia zisomwe, maana mchuzi wake unaweza kuwa na dondoo la nyama.

Dalili: zimetoka vizuri, lakini hazina ladha, au zina chumvi kupita kiasi

Onja ya kwanza bila kuchovya. Gyoza nyingi za kiwandani zimekwisha kukolezwa, na anayezizamisha kwenye sosi ya soya kama anayechovya mkate kwenye chai ndiye baadaye hulalamikia chumvi. Kwa Kijapani sosi ya soya na siki ya mchele huchanganywa nusu kwa nusu, na matone machache ya mafuta ya pilipili; wengine huacha soya kabisa na kutumia siki iliyotiwa pilipili manga nyingi, na huo ndio mchovyo ninaoupenda zaidi kwa gyoza yenye mafuta. Kwa Kikorea huongezwa unga wa pilipili nyekundu, ufuta uliokaangwa na kitunguu cha majani. Ndimu inaweza kuchukua nafasi ya siki, ila itiwe kidogo, kwa sababu harufu yake hufunika kitunguu saumu.

Na zile zilizokwisha kuchanika

Zilizochanika motoni leo hazirekebishiki kikaangoni. Zipeleke kwenye supu. Wakorea wana manduguk, supu ya mandu, ambayo wakati wa Seollal, mwaka mpya wao wa kalenda ya mwezi, hutiwa pia vipande bapa vya keki ya mchele. Chemsha mchuzi wa mifupa ya ng'ombe uliochujwa, utie kitunguu saumu kilichopondwa na soya kidogo, na ukianza kuchemka vizuri tia mandu nzima kwanza. Zikielea, ongeza zile zilizovunjika pamoja na mabaki ya manda uliyoyakwangua, mimina yai lililopigwa kwa uzi mwembamba, na baada ya dakika mbili epua. Iliwe papo hapo, kwa sababu manda huendelea kunywa mchuzi hata ndani ya bakuli, na ukikawia nusu saa utakuta supu imekauka na mandu zimevimba.